Unataka kusoma haraka? Anza na msamiati, si macho

Ukisoma, macho hayatelezi juu ya mstari. Yanaruka, yanatua, yanaruka tena. Kila yanapotua hukaa takriban robo ya sekunde, kisha husogea kama herufi 7 hadi 9 mbele. Hapo yanapotua huona sawasawa herufi chache tu. Za mbele, hadi kama 15, ni fununu. Kwa hiyo anayekuuzia mbinu ya kumeza ukurasa mzima kwa kuutupia jicho mara moja anakuuzia kuparaza, si kusoma.

Kinachochelewesha jicho ni akili. Neno ulilolizoea hupita upesi, pengine hurukwa kabisa. Neno geni hulishika, na sentensi isiyoeleweka hulirudisha nyuma. Hata wasomaji hodari hurudi nyuma, kama mara moja katika kila miruko 10. Ule ushauri wa kufunika kwa karatasi mistari uliyokwisha kusoma sioni faida yake: unajinyima nafasi ya kujisahihisha. Na ile sauti ya ndani inayotamka maneno kimoyomoyo unaposoma, iache iendelee. Ukiizima kwa kuhesabu kimoyomoyo, kwenye maandishi mepesi utapona; kwenye mkataba au kitabu cha fiziolojia utafika mwisho mikono mitupu.

Kupima kasi yako, hesabu maneno ya mistari 10 na ugawe kwa 10. Tegesha saa ya simu, soma maandishi mapya kwa dakika 5. Ukimaliza mistari 80 yenye wastani wa maneno 9, hiyo ni 720. Gawa kwa 5, unapata 144 kwa dakika. Kisha funga kitabu uandike hoja kuu. Zikikugomea, namba hiyo itupe, haina maana.

Kasi yako usiilinganishe na maneno 238 kwa dakika, yanayotajwa kuwa wastani wa watu wazima wanaosoma Kiingereza kimyakimya. "Hawatatuambia" kwetu ni neno moja. Kwao ni manne au matano. Jilinganishe na wewe wa mwezi uliopita, kwa maandishi ya aina ileile.

Kabla ya sura ngumu, pitia vichwa vidogo na aya ya mwisho, chomoa maneno matano usiyoyajua, yatafute kwanza. Dakika hizo chache hurudi, maana jicho halitakwama palepale kila ukurasa. Ukizidi kusoma mambo ya fani hiyohiyo, kasi huja yenyewe. Ukihamia fani nyingine itashuka, na wala si ugonjwa.

Kwenye skrini, punguza upana mpaka mstari ubebe herufi 50 hadi 75. Mstari mrefu mno hufanya jicho likirudi kushoto litue pasipo pake, ukajikuta unasoma mstari uleule mara mbili.

Na kama umepita miaka 40 na unasogeza ukurasa mbali ndipo uone, kapime macho kwanza. Hilo linataka miwani, mazoezi ya kasi hayaliponyi.