Kuzeesha Rangi ya Gari Kuukuu kwa Gharama Ndogo: Nilivyoupatanisha Mlango Mweupe na Pikapu ya Kijani

Pikapu yangu imenizidi umri, na kwa muda mrefu kilichoniudhi kila nilipoitazama ni mlango wa dereva. Ule wa awali ulikuwa umeoza chini kiasi cha kupitisha kidole, nikapata mwingine kutoka kwenye gari lililokuwa likivunjwa vipuri. Chuma chake kilikuwa kizima, ila ulikuwa mweupe, umepigwa rangi karibuni, unang'aa. Pikapu yenyewe ni ya kijani kilichopauka, paa limekuwa kama chaki, na katikati ya boneti praima nyekundu, yaani rangi ya msingi iliyo chini ya kijani, inachungulia. Mafundi wawili walinishauri nipige rangi gari zima. Nilikataa. Kijani kile kilitoka nalo kiwandani, na kikishakwanguliwa hakirudi. Nikaona ni heri niuzeeshe mlango mmoja kuliko kuufuta uzee wa gari zima.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilikimbilia kutu, kwa sababu ndiyo kitu cha kwanza mtu anachokifikiria akisikia gari kuukuu. Nikachovya sifongo kwenye rangi ya kahawia na kudondoadondoa katikati ya mlango. Ulionekana kama una upele. Nilikuwa nimeanza kupaka kabla ya kulitazama gari, na hilo ndilo ninaloliomba kwako kabla hujagusa msasa: litazame gari lako vizuri, hata kwa nusu saa nzima.

Uchakavu una njia zake. Jua hupiga sehemu zilizolala, yaani paa, boneti na mgongo wa madigadi. Miale yake huvunja gundi inayoshikilia chembe za rangi, chembe zikabaki unga. Ndiyo maana ukipitisha kidole juu ya paa la gari la zamani kinatoka na vumbi la rangi. Ubavu wa mlango umesimama, kwa hiyo haupauki kama paa. Maji nayo huteremka kwa michirizi kutoka kwenye mfereji wa paa, kwenye bolti na maungio, kisha hutuama chini kabisa ya mlango, na kutu huanzia hapo. Halafu kuna mikono. Zunguka kitasa, uone pale kucha na pete zilipokwaruza miaka yote. Tazama ukingo wa dirisha upande wa dereva, ambako kiwiko huegemea. Upande wa abiria mara nyingi hauna alama hiyo, au ni hafifu. Mimi nilichukua chaki nikachora alama hizi zote juu ya mlango mweupe kabla ya kufungua kopo lolote.

Tabaka hupangwa kinyumenyume: kile kitakachoonekana pale palipochakaa zaidi ndicho kinachotangulia kupakwa. Niliikwaruza rangi nyeupe kwa msasa wa maji namba 320, nikapaka tabaka mbili nyembamba za praima nyekundu ya kuzuia kutu, kisha kijani juu yake. Kijani hicho kilikuwa rangi ya mafuta ya kawaida, ile inayopakwa kwenye mageti ya chuma, nimeizimua kwa tapentaini na kuipaka kwa rola ndogo ya sponji. Bunduki ya kupulizia haihitajiki. Vijialama vya rola vitaondoka kwenye msasa.

Kuhusu kuchanganya rangi, usiilinganishe na paa lililopauka. Funua mpira wa dirisha au tazama ndani ya fremu ya mlango, mahali jua halijafika, ulinganishe na hapo. Kupauka utakuleta mwenyewe baadaye kwa msasa. Ukianza na rangi iliyokwisha kupauka, itakuwa bapa, haina kina, na hutakuwa na pa kuipeleka.

Sasa subiri. Rangi ya mafuta inayoonekana kavu kwa nje huwa bado laini ndani, na ukiisugua itaganda kwenye msasa na kuchanika vipandevipande. Mimi niliiacha wiki mbili. Uvumilivu huu ndio unaoifanya kazi iwe ya bei ndogo. Wenye haraka hununua rangi zenye kigumishi, nazo si za kupulizia uani, kwa sababu vigumishi vingi vya aina hiyo vina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu na inayotaka barakoa yenye mrija wa hewa safi.

Kusugua ndiko kwenye utamu. Tumia namba 600 pale unapotaka praima itokeze, kisha 1000 kulainisha mpaka uliopo kati ya rangi mbili. Kunja msasa juu ya sifongo laini, usiushike kwa ncha za vidole, maana vidole huacha mifereji. Maji yawepo muda wote. Lakini maji hudanganya: mlango uliolowa huonekana umekoza na unang'aa, kwa hiyo kila baada ya mapito machache ufute, uache ukauke, rudi nyuma hatua kumi, utazame. Nilipoteza ukingo mzuri wa dirisha kwa kutofanya hivyo, ikabidi niupake upya.

Kama rangi ya gari lako ni ya zamani sana, isugue kwa maji tu, kamwe isiwe kavu. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Vaa barakoa, tandika plastiki chini, na tope linalotoka likusanye, usilimwage bustanini.

Kwa ukingo wa chini nilitumia chumvi ya mawe. Kabla ya kupaka kijani, nyunyizia maji kidogo juu ya praima, tupia punje za chumvi pale tu kutu ingeanzia, acha maji yakauke punje zishike, kisha rangi ya sehemu hiyo iipulizie kwa kopo la kupuliza, kwa sababu rola itazing'oa. Rangi ikikauka, zisugue punje zitoke. Zinaacha mashimo yenye kingo kali, sawa kabisa na rangi iliyobanduka yenyewe, na hakuna mkono unaoweza kuchora hivyo.

Kutu halisi nayo inawezekana. Kwenye chuma kitupu, changanya vikombe 2 vya hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, vijiko vikubwa 4 vya siki na kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi. Ukinyunyizia, chuma hugeuka rangi ya chungwa ndani ya dakika chache. Fanyia nje, vaa glavu na miwani, changanya kiasi cha siku hiyo tu na usikifungie kwenye chupa. Usiiongeze dawa ya kufulia yenye klorini hata tone, kwani ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu. Mimi niliijaribu kwenye kingo ya mlango, nikaisuuza juujuu. Baada ya miezi mitatu rangi ilivimba kando ya ungio, maana chumvi ilikuwa imebaki ndani, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huinua rangi kutoka chini. Siku hizi kutu naichora: kahawia na chungwa zilizozimuliwa hadi ziwe nyepesi kama chai, nikizigusisha kwa kitambaa na kuzivuta kuelekea chini, maji yanakoelekea.

Na nasisitiza, uzeeshe ngozi ya gari, si mifupa yake. Kutu kwenye chasi, kwenye vizingiti vilivyo chini ya milango au kwenye vishikio vya springi ikatwe na kuchomelewa. Kuipaka ili ionekane ni pambo ni kumhatarisha atakayepanda.

Mwisho ni kuziba. Klia inayong'aa, yaani vanishi isiyo na rangi inayopakwa juu ya zote, itakuharibia kila kitu. Tafuta isiyong'aa, au fanya kama mimi: mafuta ya kitani yaliyochemshwa nusu, tapentaini nusu. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana hukoza rangi. Paka kwa kitambaa, subiri robo saa, kisha ufute mpaka mkono usiteleze tena, kwani mafuta yanayobaki huwa utando unaonata na kukamata vumbi. Vitambaa vilivyolowa mafuta haya hujipasha joto vinapokauka na vikirundikwa vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Mlango wangu nimekwisha kuupaka mafuta mara tatu. Kutu ya kweli imeanza kutokeza kwenye ukingo wa chini, palepale nilipoichora ile ya uongo, nami naikwangua na kuiwekea praima kabla haijaingia ndani.