Jibu: Nani hasa aliyechimba mafuta ya kwanza Uajemi?

Ndugu, umeuliza kama ni D'Arcy, yule tajiri Mwingereza, mwenyewe aliyechimba mafuta ya kwanza Uajemi (Iran ya leo). Hapana. William Knox D'Arcy alipata kibali cha kutafuta mafuta kutoka kwa Shah, mfalme wa Uajemi, mwaka 1901 na kutoa fedha, lakini Uajemi hakukanyaga. Aliyeumia jangwani ni George Reynolds, mhandisi Mwingereza ambaye tayari alikuwa mtu mzima.

Alianza kuchimba mahali paitwapo Chiah Surkh mwaka 1902. Mitambo ilivushwa milimani kwa migongo ya nyumbu, joto lilikuwa la kuunguza, na maji ya kunywa yaliwafanya watu waugue. Mafuta yalionekana 1904, ila hayakutosha kulipa gharama. Akahamia kusini. Mwaka 1908, wakati wakubwa wake wameishiwa subira na barua ya kusitisha kazi iko njiani, kisima cha huko, mahali paitwapo Masjed Soleyman, kikafumka mafuta alfajiri ya Mei 26, kwenye kina cha futi 1,180 hivi.

Mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya mafuta ya Anglo-Persian, ambayo leo ni BP. Reynolds? Walimfukuza 1911. Hilo huniuma kila nikilisoma. Baadaye alikwenda Venezuela, akaendelea na kazi hiyohiyo.