Tone la damu, HER2 na mkondo unaoshuka ovyo

SWALI: Mhariri, nasomea maabara hapa Tanga. Natengeneza kihisi cha HER2, protini inayozidi kwenye baadhi ya saratani za matiti, kwa elektrodi za kaboni, chembe nano za dhahabu na kingamwili inayoinasa. HER2 ikinaswa, mkondo wa umeme hushuka. Ajabu, hata seramu (majimaji ya damu) isiyoongezwa HER2 inashusha mkondo. Nakosea wapi? Na mama yangu, Ngamiani, amesikia saratani ya matiti sasa inapimwa kwa tone la damu kama sukari. Nimwambie nini?

JIBU: Mama kwanza. Mwambie bado. Saratani za matiti zenye HER2 nyingi ni kama 15 hadi 20 kwa kila 100, na ugonjwa ukiwa mchanga damu mara nyingi haionyeshi kitu. Akihisi uvimbe, hata usiouma, au chuchu ikitoa damu, aende hospitali ya Bombo akaguliwe. Jibu la uhakika hutoka kwenye kinyama kinachochukuliwa na kupimwa.

Sasa mkondo wako. Hautoki kwenye HER2. Unatokana na ferosianidi na ferisianidi, kemikali za chuma zilizo kwenye maji ya kipimo, zinazopeana elektroni na elektrodi. Protini ikinata juu yake njia inaziba, mkondo unashuka. Elektrodi haijui nani kaziba. Seramu ina albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote humo, kama miligramu 40 kwa mililita, nawe unatafuta HER2 ya nanogramu 15 hivi kwa mililita, mpaka unaotumika sana kusema imezidi. Albumini imeizidi zaidi ya mara milioni mbili!

Kwa hiyo, baada ya kingamwili, ziba nafasi zilizobaki kwa albumini ya ng'ombe asilimia 1, nusu saa. Seramu izimue mara kumi. Ukimaliza, osha kwa bafa (maji ya chumvi yanayotunza pH) ya fosfeti ya pH 7.4 yenye Tween 20, aina ya sabuni laini, asilimia 0.05, kisha kwa bafa tupu. Pima kila elektrodi kabla na baada ya seramu, uandike asilimia ya kushuka, kwani hata za pakiti moja hazilingani. Muhimu kuliko yote: andaa elektrodi nyingine zenye kingamwili isiyoitambua HER2, uzipitishe hatua zilezile. Kinachoshuka huko ni uchafu. Kitoe kwenye jibu. Mstari wa vipimo, ule wa kugeuza kushuka kwa mkondo kuwa kiasi cha HER2, nao uchore kwa seramu iliyozimuliwa. Ule wa bafa tupu hupendeza kwenye karatasi tu.

Dhahabu usiichanganye na bafa: chumvi yake huzigandanisha chembe, na rangi nyekundu ikigeuka samawati, mwaga.

Halafu kuna hali ya hewa yetu ya pwani. EDC, kemikali ya kuunganishia kingamwili, hunyonya unyevu. Chupa ikitoka kwenye friji iache ubaridi uishe kabla ya kuifungua, na ukishaiyeyusha itumie papo hapo. Tone la maikrolita 8 chini ya feni hukauka kabla ya saa kuisha, chumvi ikajikusanya ukingoni na kingamwili zikaharibika. Weka elektrodi kwenye kikopo chenye kifuniko, na pamba iliyoloweshwa maji pembeni.