Jiko la kuni kwa nyumba ya mbao: bomba lipite wapi?

Swali: Fundi habari. Tunaishi Molo, nyumba ni ya mbao na mabati, silingi ni plaiwudi. Nimenunua jiko la kuni la chuma la kupikia na kuota moto, limetengenezwa na watu wa jua kali Nakuru mjini, shimo lake la moshi ni inchi 5. Fundi wa kulifunga anasema ataweka bomba la inchi 3 manake ni bei rahisi, alitoe kwa ukuta alafu alipandishe nje mpaka usawa wa paa. Jiko anataka likae kona lisizibe njia, na ndani apige plasta ya simiti ndio chuma isichomeke haraka. Mama mkwe anasema tutachoma nyumba. Nani ako sawa?

Jibu: Mama mkwe ako sawa, na afadhali umeuliza kabla ukuta haujatobolewa. Huyo fundi usimfukuze, mwonyeshe tu haya, manake mengi aliyosema kwa jikoni ya matofali yangepita na watu wavumilie moshi kidogo, lakini kwa nyumba ya mbao ndio inageuka hatari. Mimi kazi yangu ni kufunga hizi majiko huku Njoro, Molo hadi upande wa Kericho, na shida ni ile ile kila mahali, watu wanachagua jiko wiki nzima, wanaangalia mlango, wanaangalia rangi, alafu bomba linanunuliwa na pesa iliyobaki. Na bomba ndilo linaendesha jiko. Humo ndani hakuna feni wala mota, moto unapata hewa kwa sababu moshi ukiwa na joto ni mwepesi unapanda, ukipanda hewa ya nyumba inaingia kwa mlango wa jiko kujaza pale ulipotoka. Moshi ukipoa njiani unakuwa mzito, unasita, na ukisita unarudi kwa macho yako.

Tuanze na hiyo inchi 3. Shimo la jiko ni inchi 5, bomba liwe inchi 5 kutoka chini mpaka juu, usikubali kupunguza hata mahali pamoja. Mtu anaona ni inchi 2 tu zimetoka lakini duara haihesabiwi hivyo, nafasi ya moshi kupita kwa bomba la inchi 3 ni kidogo tu juu ya theluthi moja ya ile ya inchi 5, ina maana karibu theluthi mbili ya njia umeziba kabla hujawasha. Na Molo iko juu, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, hewa yenu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kama robo hivi, kwa hivyo bomba linavuta kwa nguvu iliyo pungufu kuliko lingevuta pwani hata kama vipimo ni sawa. Mtu wa Kisumu anaweza kupona na bomba fupi, wewe hapana. Kutoka juu ya jiko hadi kwa kofia panga futi 15, na zikipita kidogo hakuna ubaya.

Juu ya paa kuna kipimo ambacho mafundi wengi duniani wanafuata: bomba litokeze angalau futi 3 juu ya pale lilipotobolea mabati, na mdomo wake uwe futi 2 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya futi 10 kutoka hapo, iwe ni mgongo wa paa, tenki ya maji au ukuta wa jirani. Fundi wako anasema aishie usawa wa paa, hapo ndipo upepo ukipiga mgongo wa paa unajikunja na kushuka, na ukishuka unashuka na moshi wako, jioni zile za Julai zenye upepo mtakuwa mnapika na mlango wazi mkitetemeka.

Sasa kuhusu kulitoa kwa ukuta. Naelewa kwa nini anapenda hivyo, hataki kutoboa mabati avujishe. Lakini bomba likipanda nje ukutani linapigwa na baridi ya Molo usiku kucha, moshi unapoa, unyevu wa kuni unagandamana ndani na masizi na unakuwa maji meusi mazito yenye harufu kali. Njoro nimeona ukuta wa mbao uliochirizikiwa na hayo maji kutoka kwa kila maungio mpaka chini, rangi imeharibika, na bomba lenyewe ndani limebaki na nafasi ya kupitisha ngumi ya mtoto. Hizo masizi zilizokauka zinashika moto. Kwa hivyo bomba lipande ndani ya nyumba, moja kwa moja, bila kona kama inawezekana, litobolee paa karibu na mgongo. Hapo ndani linabaki na joto, linavuta vizuri, na hilo joto ambalo lingepotea nje ndilo litakuotesha wewe na wazee.

Jiko kwa kona ya mbao ndio jambo linalonitia wasiwasi zaidi kwa barua yako, na hapa naomba usome polepole. Watu wanadhani mbao haishiki moto mpaka iguswe na mwali wa moto. Mbao iliyo karibu na chuma moto inakaushwa kila siku, mwezi baada ya mwezi, inabadilika ndani polepole kuelekea makaa, na mbao ya aina hiyo inashika kwa joto la chini kuliko mbao mpya. Ndio unasikia mtu anasema hili jiko limekaa hapa miaka na halijawahi kuleta shida, alafu siku moja usiku ukuta unawaka kutoka ndani. Vipimo vya Marekani, wenye nyumba nyingi za mbao na majiko ya kuni, vinasema jiko likae inchi 36 kutoka kwa mbao isiyokingwa, nalo bomba la ngozi moja, yaani la bati moja tu bila tabaka la kuzuia joto, likae inchi 18. Kama nyumba ni ndogo na huwezi kupata hizo inchi 36, weka kinga: shiti ya bati nene, geji 24, isipigiliwe kwa mbao moja kwa moja, iachwe inchi 1 nzima mbele ya ukuta ikishikiliwa na vipande vya chuma au vigae, chini iachwe wazi na juu iachwe wazi ndio hewa ipande nyuma yake ikibeba joto. Kinga kama hiyo ikifungwa vizuri jiko linaweza kusogea mpaka inchi 12 kutoka ukutani. Bati ikigongelewa kwa mbao bila hiyo nafasi haisaidii kitu, inapasha tu mbao iliyo nyuma na inakuficha usione ikigeuka kahawia.

Akimaliza kufunga, jaribuni hivi: washa moto mkubwa wa saa nzima alafu weka kiganja kwa ukuta nyuma ya jiko, na kwa silingi karibu na bomba. Kama huwezi kuacha kiganja hapo kikitulia, bado ni karibu sana, sogeza au ongeza kinga. Chini pia, kama sakafu ni mbao jiko likae juu ya matofali au slabu, na hiyo slabu itokeze inchi 18 mbele ya mlango manake kaa litaanguka tu siku moja ukiongeza kuni.

Pale bomba linapita kwa silingi na paa ndipo nyumba nyingi huanzia kuungua, kwa sababu hapaonekani. Usiruhusu bomba la ngozi moja lipite hapo likibanwa na plaiwudi. Plaiwudi na fito zikatwe zirudi nyuma, fundi azungushe fremu, na kipande kile cha kupita paa kiwe bomba ndani ya bomba kubwa, katikati iwekwe ile pamba ya mawe ya kuzuia joto wanayouza watu wa oveni na boila. Isiwe gunia, isiwe mabaki ya kitambaa, isiwe vumbi la mbao, na isiwe ile foamu ya kupuliza. Kwa mvua, ile sahani ya bati ya kuzunguka shimo upande wake wa juu uingizwe chini ya mabati ya juu na upande wa chini ulale juu ya mabati ya chini, ndio maji yateremke tu bila kutegemea gundi, alafu juu yake ifungwe kola kwa bomba lenyewe. Silikoni unayopaka iwe ile ya kustahimili joto, ile ya madirisha itapasuka na utaanza kuweka sufuria chini ya bomba.

Maungio: kipande cha juu kiingie NDANI ya kipande cha chini, sio kinyume. Mafundi wengi wanafanya kinyume wakifikiria mvua ya nje, lakini maji meusi yanayoshuka ndani yanatafuta njia ya kutoka, ukiyaweka hivi yanarudi kwa jiko yanachomeka. Kila maungio skrubu 3. Na vipande viwili vya kwanza kutoka kwa jiko viwe chuma nyeusi, bati ya zinki isikae hapo karibu na moto manake zinki inayeyuka kwa kama nyuzi 420 na ikipata moto zaidi inatoa moshi mbaya kwa kifua. Juu huko hakuna neno.

Simiti ndani ya jiko, hapana. Simiti ya kawaida inapoteza nguvu ikipita nyuzi kama 400 na moto wa kuni kavu unapita hapo kwa urahisi, itaanza kupasuka na kuanguka vipande vipande kwa ugali. Tumia matofali ya moto, yale meupe au ya manjano, na udongo wa moto wa kuyashikanisha. Ukikosa, udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga utakaa vizuri kuliko simiti, ukipata nyufa unapaka tena. Mawe ya mto usiweke, yana maji ndani na yanaweza kulipuka. Kule Kisumu na Vihiga utaona jiko la Upesi, ni kigae cha udongo kinachojengewa na matope, linapika vizuri na kuni kidogo lakini kwa kawaida halina bomba na halijakusudiwa kupasha nyumba, kwa hivyo ukiambiwa ununue hilo badala, jua ni kazi nyingine.

Nyumba za Molo zinafungwa kila tundu sababu ya baridi, na moto unahitaji hewa. Acha tundu la hewa la kudumu karibu na jiko, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, uweke wavu wa panya. Usipoacha, bomba litavuta mpaka hewa iishe kisha lirudishe moshi, na pamoja na moshi ile hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, ambayo kila msimu wa baridi inaua watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Usiku usifunge hewa ya jiko kabisa ndio kuni zikae mpaka asubuhi. Na makaa yaliyobaki usiyachote kupeleka kwa chumba cha watoto, naomba sana.

Kuni: ziwe kavu. Mti uliokatwa juzi, nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, na joto jingi la moto linatumika kuchemsha hayo maji badala ya chai. Miwati na saipresi mnazo huko, pasua, panga chini ya kibanda zipigwe na upepo miezi 6 au zaidi. Zikiwa tayari utaona nyufa kwa ncha, na ukigonga mbili pamoja zinalia kwa sauti kali.

Siku ya kwanza moto uwe mdogo, wa vijiti, madirisha wazi manake rangi ya chuma itanuka. Kama bomba limepoa sana na moshi unarudi, choma kipande cha gazeti kwenye kidirisha cha kusafishia chini ya bomba, lipate joto kwanza. Mwambie fundi asisahau hicho kidirisha. Miezi ya mwanzo angalia ndani kila mwezi, masizi yakifika unene wa milimita 3 pitisha brashi ya waya.

Na siku ukisikia bomba linanguruma kwa nguvu na linakuwa jekundu, masizi yameshika. Funga mlango wa jiko na hewa yote, usimwage maji ndani, toa watu wote nje na muite wa kusaidia, alafu angalieni dari na paa kwa muda mrefu hata baada ya kelele kuisha.

Pima kutoka juu ya jiko mpaka mgongo wa paa uniandikie, pia uniambie mbao za paa ziko umbali gani moja na nyingine, nikuhesabie vipande vya kununua.