TV inazunguka tu: maswali yenu kuhusu video zinazokwama nyumbani

Mbukwenyi wasomaji wangu, habari za vumbi na upepo huko mliko. Mwezi huu maswali karibu yote ni ya jambo moja, mtu kakaa sebuleni na familia yake, kaweka muvi, dakika tano hazijaisha kaduara kanaanza kuzunguka katikati ya kioo, watoto wanalalamika, na hapo hapo anachukua simu ananunua bando lingine. Hiki kitu kinaniuma kweli. Watu wananunua bando, wananunua ruta, wengine wanabadilisha hadi TV, na bado hawajajua imekwama wapi. Video inatoka mbali, inapita kwenye mkongo, ile kebo kubwa ya intaneti, mnara, ruta, halafu hewani ndani ya nyumba yako mpaka kwenye TV, na kila kituo kinaweza kugoma kivyake. Ukijua kituo kilichogoma, mara nyingi hutoi hata shilingi.

*Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Nkuhungu. TV yetu mchana inaonyesha vizuri ila ikifika saa mbili usiku inakwamakwama mpaka tunalala. Nimeshaongeza bando mara mbili mwezi huu na hamna kilichobadilika. Ruta ipo chumbani kwetu. Je ninunue ruta kubwa?*

Marahaba mama yangu, pole sana na hizo hela. Usinunue kwanza. Chukua simu yako, kaa pembeni kabisa ya ruta, fungua fast.com, ni ukurasa wa Netflix wenyewe wa kupima spidi na haulipiwi, andika namba unayopata. Halafu nenda sebuleni, kaa pale pale TV ilipo, pima tena. Fanya hivyo mchana na urudie saa mbili usiku, utakuwa na namba nne kwenye karatasi na hizo namba nne zinajua kuliko fundi yeyote atakayekuja kuangalia kwa macho.

Netflix wanataka angalau Mbps 3 kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K, hayo ni majina ya ukali wa picha kuanzia wa chini mpaka wa juu. Hapo watu wanachanganya, Mbps ni megabiti, sio megabaiti, biti nane ndio baiti moja, kwa hiyo ukiona Mbps 8 maana yake unashusha kama MB moja tu kwa sekunde. Na bando ni kitu kingine kabisa. Bando ni ujazo, spidi ni kasi. Ni kama simtanki na bomba, ukinunua simtanki kubwa zaidi maji bado yanatoka kwa bomba lile lile jembamba, ndio maana umeongeza mara mbili na hamna kilichobadilika.

Sasa soma namba zako. Kama pembeni ya ruta unapata 20 na sebuleni 2, kampuni ya simu haina kosa, waifai inakufa njiani kwenye kuta za bloku. Kama pembeni ya ruta mchana ni 20 ila usiku ni 3, hapo watu wa mtaa wote mmerudi nyumbani mnagombania mnara mmoja. Na kama kote ni 20 na TV bado inakwama, mgonjwa ni TV.

Nakwambia hivi sababu mwaka jana niliitwa nyumba moja Ipagala, malalamiko kama yako, neno kwa neno. Naingia nauliza ruta iko wapi, naonyeshwa kabati la vyombo la vioo, ruta imewekwa ndani nyuma ya seti ya sahani za wageni na juu yake kuna kitambaa cha kufuma, kizuri kweli, cha maua ya pinki. Nikaishika, moto kama pasi iliyozimwa sasa hivi, matundu yake ya kupumulia yamejaa vumbi jekundu. Nilichofanya ni kuitoa, kuifuta kwa brashi kavu, kuiweka juu ya rafu dirishani, bila kitambaa. Kwenye TV spidi ilipanda kutoka 2 na kitu mpaka 14. Mama mwenye nyumba alisimama anaangalia kile kitambaa mkononi, akasema mwezi mzima alikuwa anamgombeza kijana wake kwamba anamaliza intaneti.

Kwa hiyo mama yangu, toa ruta chumbani, iweke sebuleni sehemu ya juu na ya wazi, na kama inatumia laini ya simu iweke karibu na dirisha maana bati na zege vinapunguza nguvu ya mnara. Ruta nyingi za siku hizi zinatoa waifai mbili, ya GHz 2.4 na ya GHz 5, yaani masafa mawili tofauti ya mawimbi, hiyo ya 5 ina kasi zaidi ila haipendi ukuta, ile ya 2.4 inapenya zaidi ila inagombana na maikrowevu na waifai za majirani. TV ikiwa chumba kimoja na ruta iunge kwenye 5. Na kama unaweza kuvuta kebo ya LAN kutoka kwenye ruta mpaka TV, vuta, hapo utasahau habari za waifai, tundu la LAN kwenye TV nyingi linaishia Mbps 100 lakini hata 4K haihitaji zaidi ya hapo.

Halafu angalia kingine, saa mbili usiku simu zote za nyumbani zinachajiwa, na simu ikiwa kwenye chaja na waifai ndio muda wake wa kuapdeti na kupandisha picha zote za siku. Zima hiyo kwa jioni, uone. Kama namba za pembeni ya ruta ndio zinaanguka usiku, jaribu laini ya mtandao mwingine kwenye simu pale pale nyumbani kabla hujaamua chochote, maana mtaa mmoja unakuta mtandao huu umelemewa na ule unapumua.

*Kijana wangu, niko Mpwapwa. Umeme ulikatika siku mbili, uliporudi TV inasema haina mtandao na YouTube haifunguki, lakini simu kwa waifai hiyo hiyo inafungua kila kitu. Fundi wa hapa anasema bodi imeungua.*

Shikamoo mzee wangu. Kabla ya bodi, naomba uingie kwenye setingi za TV uangalie tarehe na saa. TV nyingi zikikaa muda bila umeme zinasahau tarehe, zinaamka zinadhani ni miaka mingi nyuma. Aplikesheni kama YouTube kabla haijafunguka inakagua cheti cha usalama cha seva, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa TV yako ikidhani tuko mwaka 2015 inaona cheti hakijaanza kutumika bado, inakataa, na inakwambia hakuna mtandao wakati mtandao upo. Simu inachukua saa kutoka kwenye mnara ndio maana yenyewe haina shida. Weka tarehe sahihi kwa mkono, ikishaunganika rudisha kwenye otomatiki. Halafu izime kwa kuchomoa kwenye soketi, subiri dakika moja nzima, chomeka. Kuzima kwa rimoti sio kuzima mzee wangu, inalala tu na matatizo yake.

Kama TV ni ya zamani sana, kuna kitu kingine. Tarehe 1 Desemba 2019 Netflix waliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za mwaka 2010 na 2011, na hizo hazikuwa zimeharibika, zilizeeka tu kwa upande wa programu. Ukikuta ni hivyo kioo bado ni kizima, kistiki cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI, chenye aplikesheni zake chenyewe, kinatosha.

*Mambo fundi, mimi ni mwanachuo UDOM. Nimenunua boksi la Android sokoni limeandikwa 4K, YouTube inatoka safi ila Netflix picha ina ukungu na spidi ninayo.*

Poa mdogo wangu. Boksi lako linakosa leseni, spidi haina hatia. Netflix inatuma picha kali kwa vifaa vilivyothibitishwa tu, kinachokaguliwa kinaitwa Widevine, ni kufuli la kulinda video zisiibiwe, kuna L1 yenye ulinzi mkali na L3 yenye ulinzi hafifu. Boksi lenye L3 linapewa 480p basi, hata ukilifunga kwenye mkongo. Shusha aplikesheni ya DRM Info ikuonyeshe una ipi. Hakuna setingi ya kubadilisha hilo, na anayekwambia ataliflashi likawa L1 usimpe hela yako ya chakula. Litumie kwa YouTube, na siku nyingine pima dukani kabla hujalipa.

*Fundi mimi naangalia mpira kwa intaneti hapa Chang'ombe, majirani wenye king'amuzi wanashangilia goli mimi bado naona mpira uko katikati ya uwanja. Siku ya dabi naumia sana. Nifanye nini?*

Ndugu yangu nakuelewa kabisa, hakuna kitu kinachoharibu mechi kama kusikia kelele za ukuta wa pili wakati kona bado haijapigwa. Mpira wa intaneti hauji kama maji ya bomba, unakatwa vipande, kawaida sekunde 6 hivi kwa kipande, na mashine yako inasubiri vipande kama vitatu viwepo mkononi ndio ianze kuonyesha. Hapo tu umeshachelewa sekunde 18, hujaweka muda wa kule studio wa kukata na kupanga. King'amuzi kinachelewa sekunde chache tu.

Kuondoa huwezi, kupunguza unaweza. Kila inapokwama na kuzunguka, ikirudi inaendelea pale ilipoishia, kwa hiyo ikikwama mara nne sekunde kumi kumi, dakika ya 60 uko nyuma karibu dakika nzima. Ndio maana mechi bora uiweke 480p kwa mkono tangu mwanzo, usiiachie otomatiki inayohangaika kupanda 1080p halafu inaanguka, ni heri picha ya kawaida inayotembea. Ikikwama, toka uingie upya au bonyeza kale kaneno ka mubashara ili urudi mbele. Usiipozi hata kidogo. Na simu iweke bila sauti, maana magrupu ya WhatsApp yanakuwahi hata kuliko majirani.

*Habari, niko Manyoni, natumia bando la GB 10 na Netflix inalimaliza kwa siku mbili. Naibiwa?*

Salama. Huibiwi, ila TV yako inachukua picha kubwa kuliko unavyohitaji. Netflix kwa HD inakula mpaka GB 3 kwa saa, 4K mpaka 7, kwa hiyo GB 10 ni saa tatu na ushee. Ingia kwenye akaunti yako kwa brauza ya simu, sio kwenye TV, chagua profaili yako, tafuta matumizi ya data uweke ya kati, itakuwa kama GB 0.7 kwa saa, bando hilo hilo linafika saa 14. Ya chini kabisa ni GB 0.3. Na kama una bando la usiku shusha muvi kwenye simu muda huo.

*Kuna siku mtaa mzima Kisasa intaneti inakufa, mimi nabonyeza kile kitundu cha ruta kwa pini na inazidi kuharibika.*

Naomba hicho kitundu ukiache dada yangu. Kile kinafuta setingi zote ulizowekewa, jina, nywila, kila kitu, na baada ya hapo mtandao hata ukirudi wewe hurudi nao. Kuwasha upya ni kuchomoa waya wa umeme tu. Na siku nyingine tatizo liko mbali mno, tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika na nchi yetu ikapata shida, na hapa Dodoma hatuna bahari lakini intaneti yetu inapita huko huko. Ikitokea, muulize jirani wa mtandao mwingine, kama naye hana, kunywa chai usubiri.

*Kondoa hapa. Sabufa nimeunga na ule waya wenye taa nyekundu kwenye ncha, YouTube sauti ipo, muvi nyingine kimya.*

Muvi hizo zinatuma sauti ya 5.1, ile ya spika sita, na sabufa yako haiijui. Kwenye setingi za sauti za TV, sehemu ya sauti ya kidijitali, chagua PCM, ile sauti ya kawaida ya spika mbili. Ukijaribu kwa Bluetooth sauti itatoka lakini midomo itatangulia kidogo, kwa hiyo baki na waya.

*Nina kistiki cha HDMI, niko Chamwino, kinajizima chenyewe katikati ya muvi kisha kinaanza upya. Nimekichomeka umeme kwenye USB ya TV.*

Hapo hapo ndipo penye shida. USB ya TV nyingi inatoa ampea 0.5 tu, na kistiki kikianza kufungua video kinataka ampea 1 au zaidi, kinaishiwa nguvu kinaanguka. Kichomeke kwenye ile chaja kilichokuja nayo, na kama imepotea chaja nzuri ya simu ya ampea 2 inafaa, na waya wake uwe mzima usiolegea. Jaribu leo usiku na muvi ile ile iliyokuzimia.