Kusoma bila bando

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nafundisha Biolojia sekondari, Uvinza, Kigoma. Walimu tulipewa vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, ila mtandao huku ni wa kubahatisha na bando tunanunua wenyewe. Umeme ni wa sola. Wanafunzi wanaweza kupata maarifa ya mtandaoni bila intaneti?

JIBU: Wanaweza, Mwalimu. Kumwachia mwalimu gharama ya bando la shule si haki hata kidogo, na kwa kazi hii bando halihitajiki kila siku.

Anza na vishikwambi hivyohivyo. Ukifika mjini, pakua Kiwix, programu ya bure inayofungua Wikipedia bila mtandao, pamoja na mafaili yake yanayoishia na .zim. La Kiswahili ni dogo. La Kiingereza lenye picha zote huzidi GB 100, basi chukua mafungu: tiba, kemia, fizikia. Faili likigoma kunakiliwa kwenye memori kadi ilhali nafasi ipo, huenda kadi imeumbizwa (format) kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi mafaili ambao haupokei faili la zaidi ya GB 4. Iumbize upya kwa exFAT, ukijua kila kilichomo kitafutika.

Wanafunzi wengi wakitaka kusoma kwa pamoja, tafuteni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, yenye kadi ya GB 128. Ikiwekewa Kiwix na mafaili hayo na kupangwa hivyo, inarusha Wi-Fi yake yenyewe, na vifaa vinafungua maktaba kwa kivinjari cha kawaida. Vikizidi 15 au 20 hivi huanza kusuasua. Hapo ongezeni ruta.

Shida kubwa huwa umeme. Pi hula wastani wa wati 5, yaani wati-saa (Wh) 30 kwa saa 6. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa (Ah) 7, ina Wh 84, lakini ukiishusha chini ya nusu inakufa mapema, kwa hiyo unazo kama 42 tu. Zinatosha siku moja ya masomo, kwa paneli ya wati 20 na chaji kontrola, kifaa kinachodhibiti uchajiji wa betri. Kigeuzi cha kushusha volti 12 za betri kitoe volti 5, ampea 3. Waya mwembamba hupoteza volti njiani, na Pi hujizima na kujiwasha ovyo. Wengi hudhani ni mbovu.

Msichomoe umeme kabla ya kuizima kwa amri yake, kwani kadi huharibika. Nakilini kadi ya pili mkiwa bado mjini.