301 si makapi

Kuna wanaosema 301, albamu ya e.s.t. (Esbjörn Svensson Trio, kundi la jazi la Uswidi), ni mabaki tu yaliyookotwa baada ya mpiga piano wake, Esbjörn Svensson, kufariki. Hapana ndugu. Januari 2007 Waswidi hao watatu walikuwa ziarani Australia, wakakodi studio iitwayo 301 mjini Sydney kwa siku mbili na kupiga papo kwa papo, bila nyimbo zilizoandikwa. Zikapatikana saa kadhaa za muziki. Sehemu yake ikawa albamu ya Leucocyte. Svensson alifariki Juni 2008 akipiga mbizi karibu na Stockholm, akiwa na miaka 44, na albamu hiyo ikatoka miezi michache baadaye. Hii ya pili, 301, ilitoka 2012, baada ya Dan Berglund (besi) na Magnus Öström (ngoma) kurudi kwenye rekodi zile na kuchagua wenyewe.

Kwa sikio langu 301 ndiyo nyepesi kuingia. Leucocyte ina giza, tena ina makelele (mimi nayapenda, ila siyo kwa mtu anayeanza). Humu piano inapewa nafasi ya kupumua. Msikilize hasa Berglund: anapitisha upinde kwenye besi ile kubwa ya kusimama, sauti inapita kwenye vifaa vya umeme, inatoka imekwaruza kama gitaa la roki. Wengi hudhani kuna mtu wa nne.

Anza na “The Left Lane”. Ni ndefu, usiiruke katikati. Na tumia hedifoni, spika ya simu itaimeza besi yote.